Mahakama Haikumbuki Sura, Inakumbuka Namba

Hotuba niliyoitoa Jumamosi katika ukumbi wa kata hapa Morogoro mjini, mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mvua iliwazuia wengi, kwa hiyo naiweka hapa yote. Fomu nilizobandika ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Diwani, mwenyekiti wa mtaa, sheikh wetu, katekista wetu, viongozi wa vikundi, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo?

Mlinialika niseme kuhusu haki za mirathi. Mama mwenyekiti, uniwie radhi, mada yako nimeipunguza. Haki za mirathi mmezisikia kila semina, mpaka wengine mnasinzia kabla mtoa mada hajafika kwa wajane. Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 31. Hukumu sikuandika. Nilizitunza. Nitasema ninachokijua, nacho ni karatasi: ziko wapi, zinaombwaje, na ukiambiwa hazipo ufanye nini.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kuwa na shauri la ndoa, la mirathi au la matunzo ya mtoto, yeye mwenyewe au wazazi wake? Inueni mikono. Eeh, mikono ni mingi, Mungu atusaidie. Sasa anayeikumbuka namba ya shauri hilo, asishushe.

Imebaki mitatu. Na mmoja ni wa karani mwenzangu mstaafu, huyo simhesabu.

Ndugu zangu, mahakama haikumbuki sura. Unaweza kuwa ulilia mbele ya hakimu, wazee washauri wakakuonea huruma, karani akakupa maji. Miaka kumi baadaye hakimu amehamishwa, wazee wamemaliza muda wao, karani amestaafu na anawahutubia watu ukumbini. Kilichobaki ni jalada kwenye rafu, na jalada halina sura. Lina namba. Mirathi Namba 57 ya 2009. Ukija na namba hiyo, karani hodari anakuletea jalada kabla chai yake haijapoa. Ukija na "ile kesi ya marehemu baba, mwaka ule wa njaa", umempa kazi ya wiki nzima, na wiki hiyo hana.

Na huo mwaka kwenye namba ni wa nini? Ni mwaka shauri lilipofunguliwa. Si mwaka lilipoamuliwa, wala si mwaka baba alipofariki. Hili nalijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipanga majalada yaliyomalizika kwa kufuata tarehe za hukumu. Niliona ni akili sana. Shauri la ndoa lililofunguliwa Novemba na kuamuliwa Machi nikalipeleka kwenye rafu ya mwaka uliofuata. Yule mama alikuja mara nne. Mara nne tukamwambia jalada halionekani. Mara ya tano mzee mmoja wa masjala akauliza tu, "Huyu binti mpya anapanga kwa tarehe gani?" Jalada lilikuwa hatua mbili kutoka pale mama alipokuwa amekaa. Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila nauli zake sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo ukitafuta shauri la 2009 na halionekani, mwombe karani atazame 2008 na 2010. Mwombe kwa upole. Anaweza kuwa binti mpya.

Sasa jalada liko wapi? Jibu ni fupi na watu hawalipendi: jalada liko pale shauri lilipofunguliwa. Haliko unapoishi sasa, wala halifuati nyumba inayogombaniwa. Mirathi ya mtu aliyeishi kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu hufunguliwa mahakama ya mwanzo ya eneo alikokuwa na makazi yake. Mirathi nyingine huanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Shauri la ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, linaweza kuanzia mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi, hata Mahakama Kuu. Kwa Dar es Salaam siku hizi kuna Kituo Jumuishi pale Temeke, mahususi kwa mashauri ya mirathi na familia. Lakini shauri la zamani usilitafute kwenye jengo jipya kabla hujajua lilianzia wapi.

Mipaka nayo hubadilika. Mpaka 2012 hapakuwa na Mkoa wa Geita, wala Simiyu, wala Njombe, wala Katavi. Mtu wa Geita aliyekata rufaa 2006 alikuwa mtu wa Mkoa wa Mwanza. Akienda leo na ramani ya leo, atazunguka sana.

Nitawapa kisa. Dada mmoja alikuja kwangu nikiwa nimeshastaafu. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, baba mdogo akawa msimamizi wa mirathi, naye baadaye akafariki. Karatasi zote zilikuwa kwenye sanduku lake, na sanduku likaliwa na mchwa. Hawajui mahakama, hawajui mwaka, hawajui namba. Dada amezunguka mahakama tatu. Nikamuuliza, "Baba yenu alikuwa na pesa benki?" Akasema alikuwa nazo. "Zililipwa?" Zililipwa, ndizo zilizotusomesha. Nikamwambia, basi namba yako iko benki.

Mnaona? Benki haitoi pesa ya marehemu kwa mtu aliyevaa nguo nyeusi. Inataka barua ya usimamizi kutoka mahakamani, ile kwa mahakama ya mwanzo tunaiita Fomu Namba 4, na inabaki na nakala yake. Mfuko wa pensheni vilevile. Ofisi ya ardhi vilevile, kama hati ya nyumba ilihamishwa jina. Popote mali ya marehemu ilipoguswa kihalali, namba ya shauri iliachwa pale. Benki walimzungusha kidogo, wakataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, wakataka uthibitisho kuwa ni mtoto wa marehemu, mwisho wakampa jina la mahakama na namba. Ilikuwa mahakama ya nne, ambayo hakuwahi hata kuifikiria, kwa sababu baba aliugua na kufia kwa dada yake, na ukoo ukaona huko ndiko kwake.

Njia nyingine ni ya vijana wenye simu. Kama shauri la familia yenu lilikatiwa rufaa mpaka Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, tafuteni majina ya wahusika kwenye TanzLII, tovuti inayoweka hukumu za mahakama zetu. Ni bure. Hukumu za mahakama za mwanzo msizitegemee huko, lakini mkikuta hukumu ya rufaa, msikimbilie mwisho kuona nani kashinda. Someni kichwa chake. Pale juu imeandikwa rufaa hii inatokana na shauri namba fulani la mahakama fulani. Mnashuka ngazi mpaka chini, kama mtu anayefuata mto kurudi kwenye chemchemi.

Jambo la pili. Unaomba nini?

Watu huja dirishani wakasema, "Naomba karatasi zangu." Karatasi zipi, mama yangu? Kuna hukumu, inayoeleza hakimu ameamua nini na kwa nini. Kuna tuzo, karatasi fupi inayosema kilichoamriwa, na kwa talaka ndiyo inayosema ndoa imevunjwa. Kuna mwenendo wa shauri, yaani maneno ya mashahidi kama yalivyoandikwa siku kwa siku. Kwa mirathi kuna Fomu Namba 4 niliyoitaja, ya 5 yenye orodha ya mali, na ya 6 yenye hesabu ya mgawanyo. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa kurudisha orodha na hesabu ndani ya miezi minne. Miezi minne! Nacheka kwa sababu naona mnavyotazamana. Sasa mrithi anayehisi anadhulumiwa, aombe nini kwanza? Namba 5 na Namba 6. Kama zimo, utaona ni mali gani zilitajwa na zipi zilisahauliwa kwa makusudi. Kama hazimo, nalo ni jibu, na unaweza kumwomba hakimu amwite msimamizi aje aeleze.

Hapa niwaeleze ya mama mmoja, na naomba wenye ndoa mnisikilize. Aligombana na mumewe, wakaenda baraza la usuluhishi la kata, likashindwa kuwapatanisha, likampa hati. Ina muhuri, ina saini ya mwenyekiti, ina majina yote mawili. Akaiweka ndani ya Biblia. Miaka tisa aliishi akijua ameachika. Siku alipopata mchumba na kwenda kutangaza ndoa, akaombwa uthibitisho wa talaka, akaitoa ile hati kwa kujiamini kabisa. Afisa akaisoma, akamrudishia, akamwambia, "Mama, hii inasema mlishindwa kupatana. Haisemi mmeachana."

Ndugu zangu, hati ya baraza ni mlango wa kuingilia mahakamani. Inasema baraza limejaribu, limeshindwa. Tena ina umri: unapofungua shauri la talaka, hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita nyuma. Ya mama huyu ilikuwa imepitwa mara kumi na nane. Nayo talaka iliyotamkwa kwa mdomo, hata mbele ya masheikh, kwa huku Bara inahitaji kufika mahakamani ndipo tuzo itoke. Sheikh wetu yuko hapa, anatikisa kichwa kukubali, nashukuru. Ukishapata tuzo, unaipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, isajiliwe upate cheti cha talaka. Hati ya baraza, tuzo ya mahakama, cheti cha RITA. Karatasi tatu, ofisi tatu, na kila moja ina kazi yake. Mama yule alianza upya barazani. Mchumba alimsubiri, msiwe na wasiwasi.

Wenzetu wa Zanzibar mashauri ya ndoa ya Waislamu wanayapeleka Mahakama ya Kadhi, utaratibu wao ni mwingine, sitaugusa. Mwenye ndugu huko amuulize karani wa huko.

Sasa kuomba kwenyewe. Andika barua. Nawasikia mnaguna. Kwani dirishani siwezi kusema tu? Unaweza, na mwenye shauri lake mara nyingi atasikilizwa. Lakini neno la dirishani halina tarehe. Barua ina tarehe.

Iandike kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu anayeisimamia mahakama ile. Iwe ya Kiswahili. Mahakama ya mwanzo imekuwa ikisema Kiswahili tangu sisi vijana, na tangu sheria ilipobadilishwa 2021 ndiyo lugha ya mahakama zote. Kichwa cha barua kiwe namba ya shauri na majina ya wahusika kama yalivyoandikwa wakati ule. Kama uliitwa kwa jina la mume wakati ule na sasa hulitumii, taja yote mawili. Sema wewe ni nani katika shauri: mdai, mdaiwa, mrithi, mtoto wa mmoja wao. Sema unataka nakala ya nini na kwa kazi gani. Sema unaomba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri, kwa sababu kivuli kilichopigwa kwa simu benki hawakitaki. Ambatisha kivuli cha kitambulisho cha taifa. Kama wewe si mhusika wa shauri, eleza unahusikaje, maana hakimu ndiye atakayeamua kama una sababu.

Halafu, tafadhalini sana, peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukirudi baada ya mwezi na muhuri huo mkononi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kuhusu malipo: uliza kama kuna ada, na kama ipo omba namba ya malipo ya serikali, ile watu wanaiita kontro namba, ulipe kwa simu au benki. Anayekwambia "niachie tu hapa nitakushughulikia", mwambie ahsante, nitalipa kwa namba. Nilikaa upande ule wa dirisha miaka 31. Najua kwa nini anasema hivyo.

Ndugu yako akiwa Muscat au Marekani na anataka tuzo yake ya talaka ili aoe tena, asikutume kwa ujumbe wa sauti. Akuandikie hati ya uwakilishi, uende nayo.

Hapa naingiza onyo, na hili ndilo limewaumiza watu wengi kuliko jalada kupotea. Umeshindwa mahakama ya mwanzo, hukuridhika, unataka rufaa Mahakama ya Wilaya. Una siku 30. Unaomba nakala ya hukumu, karani anakwambia bado haijachapwa, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo, njoo ijayo. Unasubiri kwa adabu. Siku ya 41 unapewa nakala, unakimbia kufungua rufaa, unaambiwa umechelewa. Unasema, lakini nilikuwa nasubiri nakala! Unajibiwa kwamba rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo, sheria haikudai uambatishe nakala ya hukumu. Ungeweza kuifungua bila nakala. Nimeona mtu mzima akikaa chini kwenye korido kwa jibu hilo. Alikuwa na muhuri wa barua yake, alikuwa na kila kitu, ila hakuna aliyemwambia. Basi leo nimewaambia. Hukumu ikisomwa, andika tarehe kwenye kiganja. Ukisubiri nakala, subiri huku rufaa yako imeshaingia.

Na jalada likikosekana kabisa? Kwanza, "halionekani" si sawa na "limepotea". Omba litazamwe rejista. Kila shauri liliandikwa kwenye rejista siku lilipofunguliwa, na mara nyingi pembeni kuna maelezo: limeitwa na mahakama ya juu kwa rufaa, limeitwa kwa ukaguzi. Jalada lililopanda juu mara nyingine husahau kurudi, kama mtoto aliyekwenda kusoma mjini. Fuata huko juu. Pili, kama kweli halipo, omba uandikiwe hivyo, kwa barua yenye muhuri. Kwa barua hiyo na vivuli vyovyote mlivyonavyo nyumbani, mahakama inaweza kuagiza jalada liundwe upya kutokana na nakala za wahusika. Mnaona kwa nini yule dada wa benki alikuwa na bahati?

Mambo ya watoto nitayapitia haraka. Mahakama ya watoto haikai wazi, na kumbukumbu za mtoto aliyeasiliwa, yaani aliyechukuliwa kisheria na wazazi wengine, hazifunguliwi kwa kila anayeuliza. Shangazi mwenye udadisi, rudi nyumbani.

Kuna kijana ameniuliza pembeni kabla sijaanza: bibi, kwa nini tuhangaike na makaratasi ya mahakama ndogo hivi, si mambo makubwa yanaamuliwa juu? Mwanangu, umewahi kusikia shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu? Kila mwanasheria nchi hii analijua. Ndoa yao ilivunjwa 1980 na mahakama ya mwanzo ya Wilaya ya Ilala, pale Kariakoo. Mahakama ya mwanzo ikasema hana chake katika nyumba, yeye alikuwa mke tu. Mahakama Kuu ikakubaliana nayo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali. Kupika, kulea, kufua, ni mchango. Wanawake wangapi humu wamepata nusu ya bati kwa sababu ya maneno hayo? Yeye mwenyewe hakuongezewa kitu, maana ilionekana mumewe alishampa shilingi 15,000 za mtaji, na Bi Hawa mwenyewe akazitumia vingine. Na mahakama ilijuaje habari za hizo elfu kumi na tano? Zilikuwa zimeandikwa kwenye mwenendo. Karani fulani alilitunza jalada hilo likapanda ngazi zote bila kupotea, wala hakuna anayemjua jina. Mimi humfikiria mara nyingi.

Mzee wangu pale nyuma ameinua mkono tangu nianze. Karibu, mzee. Anasema baba yake alishinda shauri la shamba na mahari mwaka 1958, anataka hukumu.

Mzee, shikamoo tena. Mahakama hizi za mwanzo zimekuja na sheria ya 1963. Shauri la baba yako lilisikilizwa na mahakama ya wenyeji, chini ya machifu na maliwali, na vitabu vyao vilikwenda njia nyingi. Vingine vilibaki wilayani, vingine vikaliwa na mchwa. Nyaraka za wilaya za wakati wa Mwingereza zilizosalimika, nyingi ziko Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Sikuahidi. Lakini njoo kwangu Jumatatu asubuhi, uje na jina la baba yako kama alivyoitwa kijijini, na jina la aliyeketi kusikiliza shauri kama unalikumbuka. Tutaandika barua. Nakala mbili.